Maswali ya Wasomaji: Mtambo wa Redio, Vumbi la Kiangazi na Toleo Jipya la Programu

Mwezi huu safu yetu imetengwa kwa barua zilizotoka kwenye vituo vya redio vya mikoa ya Dodoma na Singida, pamoja na barua moja ya msikilizaji. Nyingi zinauliza jambo linalofanana: mtambo wa kurushia matangazo utunzwe vipi, na programu iliyomo ndani yake ibadilishwe lini. Majina ya vituo tumeyaacha, kwa sababu baadhi ya mafundi wameandika bila kuwaarifu wakubwa wao, na hatungependa safu hii iwe chanzo cha barua za kujieleza.

Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni meneja wa redio ya jamii wilayani Kondoa. Mtambo wetu ni wa wati 1,000 na umetumika miaka saba. Wakala aliyetuuzia ametuandikia kwamba kuna toleo jipya la programu ya ndani ya mtambo na kwamba tuliweke mara moja. Fundi wetu amekataa katakata; anasema mtambo unafanya kazi na hataki kuuchokoza. Nimsikilize nani?
*Meneja, Kondoa*

Ndugu Meneja, fundi wako ana haki ya kuogopa, ila hana haki ya kukataa kabla hajajua toleo hilo linabadilisha nini. Wakala naye hana haki ya kusema "mara moja" bila kutoa sababu. Mwandikieni mumwombe orodha ya mabadiliko, ambayo watengenezaji wengi huitoa pamoja na kila toleo, kisha muisome mkiwa wawili, wewe na fundi. Ikiwa orodha inasema kwamba toleo limeziba mwanya ambao mtu wa nje angeweza kuutumia kuingia kwenye mtambo kupitia mtandao, na mtambo wenu umeunganishwa na mtandao, wekeni. Ikiwa inasema limesahihisha hitilafu ambayo nanyi mmewahi kuiona, wekeni. Ikiwa limeongeza tu kurasa nzuri za kutazama, au huduma ambayo kituo chenu hakiitumii, mnaweza kusubiri bila kupoteza lolote.

Zipo sababu ambazo haziko wazi kwa anayeutazama mtambo ukiwa unafanya kazi. Mfano ni vifaa vinavyopokea saa kutoka kwenye setilaiti za GPS. Mfumo huo huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na hesabu ilipogeuka usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, baadhi ya vifaa ambavyo programu yake ilikuwa ya zamani vilirudi nyuma takriban miaka 20. Kwa kituo chenye mtambo mmoja wa FM, hasara huenda ikawa tarehe za uongo kwenye kumbukumbu za hitilafu na ratiba zilizovurugika. Kwa mitandao ambayo mitambo yake yote hufuata saa ya pamoja, hasara huweza kuwa kubwa zaidi. Hesabu hiyo itageuka tena Novemba 2038, na mitambo inayonunuliwa leo huenda bado itakuwa kazini.

Mkishaamua kuweka toleo jipya, hatari kubwa kuliko zote ni umeme kukatika katikati ya kazi. Programu ya ndani huandikwa kwenye kumbukumbu ya mtambo, na ikikatwa nusu, mitambo mingine huwa haiwaki tena hadi bodi ipelekwe kwa mtengenezaji, jambo ambalo kwa kituo cha Kondoa lina maana ya wiki nyingi za ukimya. Mitambo mizuri zaidi huwa na nafasi mbili za kuhifadhi programu, ili ya zamani ibaki hadi mpya ithibitike. Muulizeni wakala kama wenu ni wa aina hiyo. Kwa vyovyote, sehemu ya udhibiti ya mtambo iwe kwenye UPS, yaani kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi iwe imejaa chaji, na muunganisho uwe wa kebo wala si wa Wi-Fi. Msifanye kazi hii alasiri ya masika mawingu yakiwa yamejikusanya.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhini mipangilio yote kwenye faili, halafu fundi aiandike pia kwa mkono: masafa, nguvu, kiwango cha mchepuko wa masafa (kiasi ambacho sauti huyasogeza masafa), anwani za mtandao, na jina la kituo linaloonekana kwenye redio za magari kupitia RDS. Narudia, kwa mkono. Toleo jipya wakati mwingine hurudisha mtambo kwenye mipangilio ya kiwandani, na faili iliyohifadhiwa na toleo la zamani huweza kukataliwa na toleo jipya. Mtambo uliosahau masafa yake ukawashwa ukiwa umeunganishwa na antena utarusha kwenye masafa ya mtu mwingine, na leseni yenu kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inataja masafa yenu na nguvu yenu tu. Kwa hiyo mtambo uwashwe kwanza kwenye mzigo bandia, kifaa kinachomeza nguvu ya mtambo badala ya antena, au angalau ukiwa umezimwa utoaji wa nguvu, hadi kila namba ilinganishwe na karatasi.

Kuna namba moja ambayo mafundi huisahau. Kwetu, kama ilivyo Ulaya, sauti nyembamba huongezwa nguvu kabla ya kurushwa kwa kipimo cha maikrosekunde 50. Marekani hutumia 75. Mtambo uliorudi kwenye 75 hautaonyesha taa nyekundu wala kutoa onyo lolote, bali wasikilizaji watalalamika kwamba sauti imekuwa kali na kila "s" ya mtangazaji inapiga mluzi. Mkianza kupata malalamiko ya namna hiyo siku moja baada ya kuweka toleo jipya, msimlaumu mtangazaji.

Kuhusu muda, wengi hupendelea usiku wa manane kwa kuwa wasikilizaji ni wachache. Mimi napendelea saa nne asubuhi siku ya kazi, baada ya kuwatangazia wasikilizaji mapema. Fundi huwa hajachoka, duka la vifaa liko wazi, na ikiwa mtengenezaji yuko Italia au Ujerumani, kwao huwa ni saa mbili au saa tatu asubuhi na simu inapokelewa.

Mhandisi, mimi ni fundi mitambo Manyoni. Kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja mtambo wetu unajipunguza wenyewe kutoka wati 1,000 hadi 700 hivi, kisha unarudi jua likitua. Wakala kwa simu amesema huenda ni programu. Nikisasisha programu, tatizo litakwisha?
*Fundi, Manyoni*

Ndugu yangu Fundi, tatizo linalofuata jua nalitafuta kwanza kwenye joto. Mtambo wako unajiokoa: programu iliyomo ndani inasoma kipimajoto kilichobandikwa kwenye kipozajoto cha moduli ya kukuza nguvu, na joto likivuka kikomo inapunguza nguvu ili vifaa visiungue. Programu hiyo inafanya kazi yake. Kuna uwezekano mdogo kwamba toleo la zamani linakisoma vibaya kipimajoto, lakini hilo ni la mwisho kulifikiria.

Piga hesabu. Mtambo wa wati 1,000 wenye ufanisi wa asilimia 70 unavuta takriban wati 1,430 kutoka kwenye umeme, na wati 430 zinazobaki hugeuka joto ndani ya kabati. Hewa ndiyo inayoliondoa, na hewa ya kwetu ni nyepesi: mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Manyoni iko juu kidogo ya hapo, kwa hiyo feni ileile huvuta hewa pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ingevuta Tanga au Dar es Salaam. Ongeza jua la Oktoba na Novemba, chumba cha matofali kilichoezekwa bati bila dari, na vumbi. Mitambo iliyopimwa kwenye maabara ya ubaridi haikuandaliwa kwa mchanganyiko huo.

Anza na chujio la hewa. Lichomoe ulinyanyue kwenye mwanga wa dirisha: kama huoni mwanga ukipenya, umepata sehemu kubwa ya jibu. Vumbi la kiangazi chetu ni jekundu na laini kama unga, nalo huingia kwenye matundu ya sponji hadi chujio likawa kama kitambaa kizito. Sponji na wavu wa chuma huoshwa kwa maji na sabuni laini, kisha hukaushwa kabisa kivulini kabla ya kurudishwa. Chujio la karatasi halioshwi, linabadilishwa. Kuwe na vyujio viwili kila wakati, kimoja kazini na kingine kikikauka. Nimewahi kuona kituo kilichoondoa chujio kabisa "ili mtambo upumue", na kweli joto lilishuka kwa wiki chache, hadi vumbi lilipojipanga katikati ya mapezi ya kipozajoto mahali ambapo brashi haifiki.

Baada ya chujio, zima mtambo, kata umeme kwenye swichi kuu, subiri dakika kadhaa ili kapasita zipungue chaji, pima kwa mita uhakikishe, ndipo ufungue. Usifanye kazi hii ukiwa peke yako. Puliza vumbi kuelekea nje, na unapopuliza shikilia mapanga ya feni yasizunguke: feni inayozungushwa kwa upepo wa blowa huzalisha umeme wake unaorudi kwenye bodi, na beringi zake huharibika kwa mwendo ambao haikutengenezewa. Zungusha kila feni kwa kidole. Inayokwaruza ibadilishwe leo, hata kama bado inazunguka. Angalia pia wageni. Mjusi kafiri hupenda joto la kabati la umeme, na mmoja aliyekauka juu ya bodi ya kapasita anatosha kuunguza pawasaplai.

Kipimo cha kazi yako kiwe namba. Andika joto la moduli, volti za umeme unaoingia na nguvu inayotoka saa nane mchana leo, safisha, kisha andika tena kesho saa ileile. Joto likishuka na nguvu ikabaki 1,000, umemaliza. Joto likiwa zuri na nguvu bado inashuka, tazama volti: pawasaplai za kisasa huvuta ampia nyingi zaidi volti zikipungua, na kama laini yenu inashuka sana chini ya 230 wakati mashine za kusaga za jirani zinafanya kazi, unahitaji stebilaiza. Ikiwa hata hilo si chanzo, ndipo umpigie wakala umuulize kuhusu programu, nawe ukiwa na namba mkononi.

Kushuka hadi wati 700 ni desibeli moja na nusu tu. Msikilizaji wa mjini hatatambua, ila yule wa pembezoni, ambaye tayari alikuwa anakupata kwa shida, atakupoteza kila alasiri, na huyo ndiye asiyekuwa na namna ya kukuandikia.

Shikamoo Mhandisi. Nimenunua kompyuta mpya ya kituo na sasa haifungui ukurasa wa mtambo. Inaonyesha kisanduku cheupe tu. Ile ya zamani ilikuwa inafungua. Mtambo umeharibika?
*Fundi msaidizi, Kongwa*

Marahaba. Mtambo ni mzima. Kurasa za mitambo mingi ya zamani zilitengenezwa kwa Flash, programu ya kuonyesha picha na vitufe kwenye kivinjari, na Adobe walisitisha huduma yake tarehe 31 Desemba 2020, kisha kuanzia tarehe 12 Januari 2021 wakazuia maudhui yake kabisa. Nyingine zilitumia programu ndogo za Java, ambazo nazo vivinjari vya sasa havizikubali. Hapa toleo jipya la programu lina sababu ya kweli, kwa hiyo muulize wakala kama lipo kwa mtambo wa umri huo. Kama halipo, itunze kompyuta ya zamani kwa kazi hiyo moja, na usiiunganishe na intaneti kamwe.

Mhandisi, mtambo wetu uko kilimani na studio iko mjini. Fundi anataka kuuweka mtambo kwenye intaneti ili auone kwenye simu yake akiwa nyumbani. Mimi nasitasita.
*Mhasibu wa kituo, Dodoma mjini*

Unasitasita kwa haki, ingawa fundi naye ana hoja: kupanda kilima usiku kwa ajili ya kubonyeza kitufe kimoja ni gharama ya mafuta na hatari ya barabarani. Februari 2013 huko Montana, Marekani, watu wasiojulikana waliingia kwenye kifaa cha matangazo ya dharura cha kituo kimoja cha televisheni kwa kutumia nywila ya kiwandani ambayo hakuna aliyeibadilisha, nacho kikatangaza kwamba maiti wanafufuka makaburini na kuwashambulia walio hai. Aprili 2016, hukohuko Marekani, vituo kadhaa vya redio vilijikuta vinarusha kipindi kisicho chao kwa sababu vifaa vinavyobeba sauti kutoka studio hadi kwenye mtambo vilikuwa wazi mtandaoni. Wa kwanza walichekesha watu. Kwetu sauti isiyojulikana ikisikika kwenye masafa yenu, watakaoulizwa ni nyinyi wenye leseni.

Mtambo usionekane moja kwa moja kwenye intaneti. Fundi aupitie kwa njia iliyofichwa ya VPN, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile mtambo unapofungwa, na kila mtu awe na nywila yake badala ya moja inayojulikana na kituo kizima hadi kwa vijana waliokwisha kuondoka. Ukitaka njia rahisi zaidi, mitambo mingi inaweza kuunganishwa na kifaa cha laini ya simu kinachotuma ujumbe mfupi nguvu ikishuka au joto likipanda. Fundi atajua kuna tatizo, na hakuna anayeweza kubadilisha kitu kutoka nje. Kwa bajeti ya kituo kidogo, mimi ningeanzia hapo.

Ndugu Mhandisi, mimi ni msikilizaji tu. Kwa nini redio nikipendayo huzimika usiku wa Jumapili, na juzi ikazimika tena saa nne asubuhi?
*Msikilizaji, Area C, Dodoma*

Bila shaka ni matengenezo. Kazi za ndani ya chumba cha mtambo huweza kufanywa usiku kukiwa na ubaridi na wasikilizaji wachache. Kazi za mnarani hufanywa mchana, na mtambo lazima uzimwe, kwa kuwa antena inayorusha huunguza mwili wa aliye karibu nayo. Ukisikia ukimya asubuhi kweupe, huenda kuna mtu yuko juu amefunga mkanda. Mvumilie.

Mhandisi, huku Mpwapwa mvua za kwanza zikianza nguvu inayorudi kutoka kwenye antena huruka kutoka wati 8 hadi 40, kisha jua likiwaka inashuka. Pia mwaka jana radi ilituunguzia eksaita, ile sehemu ya mtambo inayotengeneza mawimbi ya matangazo. Tukague lini, na tuanzie wapi?
*Fundi mkuu, Mpwapwa*

Maji yameingia mahali. Kwa mtambo wa wati 1,000, wati 40 ni asilimia 4, na mitambo mingi itavumilia kiwango hicho, jambo ambalo linawafanya mafundi waahirishe kazi hadi kiangazi kinachofuata. Kumbe kila mvua unyevu unakula shaba zaidi, na siku moja kiungo kitaungua kwa nguvu yote ya mtambo. Anza na kiungo cha kebo kwenye antena na vile vya kigawanyo kinachozigawia antena nguvu, kwa kuwa ndivyo vyenye jua na mvua ya moja kwa moja. Fungua, tafuta rangi ya kijani au nyeusi kwenye shaba, kata sehemu iliyoliwa, funga upya, kisha viringisha utepe wa mpira unaojishikiza wenyewe kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko ufunike wa chini yake na maji yateleze badala ya kuingia. Kebo ikunjwe kidogo kuelekea chini kabla haijaingia ndani ya chumba, maji yadondokee nje ya ukuta.

Kabla mtu hajapanda, zima mtambo, funga swichi kuu kwa kufuli, na ufunguo akae nao mpandaji mwenyewe mfukoni. Ikiwa mnara una antena za vituo vingine, nao wakubali kuzima au kupunguza nguvu kwa maandishi.

Kuhusu radi, pimeni waya wa ardhi (athi) mwezi Septemba au Oktoba. Udongo wa kanda ya kati ukiwa umekauka, ukinzani wake hupanda sana, na athi inayosoma vizuri mwezi Februari huweza kuwa mbaya mno Oktoba; radi za kwanza za msimu huikuta katika hali hiyo mbaya. Mwongozo unaotumika sana ni omu 10 au chini yake, na wahandisi wa utangazaji hupenda chini ya 5. Hata hivyo namba hiyo peke yake haitoshi. Athi ya mnara, ya kabati la mtambo, ya umeme na ya kebo ya studio zote ziungwe pamoja, kwa sababu eksaita nyingi huungua pale ambapo radi inakuta athi mbili zisizofahamiana na kupita katikati ya mtambo ili kuzifikia zote. Tazameni pia vizuizi vya mawimbi ya umeme kwenye swichibodi: vingi vina kidirisha kidogo kinachobadilika kutoka kijani kuwa chekundu vikishakufa, na vikishakufa umeme unaendelea kupita kama kawaida bila kinga yoyote.

Mhandisi, mimi najitolea kwenye redio ya jamii Chamwino na nimepewa daftari la mtambo bila maelekezo. Niandike nini?
*Kijana wa kujitolea, Chamwino*

Kila siku kwa saa ileile andika nguvu inayotoka, nguvu inayorudi, volti na ampia za moduli, joto, na volti za umeme unaoingia. Kila kazi iandikwe tarehe, saa, aliyeifanya na kilichobadilishwa, pamoja na namba ya toleo la programu lililokuwepo kabla na lililowekwa baada. Usiandike "sawa". Andika namba, hata kama ni ileile ya jana, kwa maana fundi atakayekuja mwakani atatafuta siku ambayo namba zilianza kusogea. Tumia kalamu ya wino, na daftari likae chumba cha mtambo, si kwenye begi la mtu.